Mapigo ya Mwenye Nyumba

Katika mji ule saa haikutundikwa ukutani. Saa ilikuwa mkononi mwa mtu. Mtu mwenyewe aliitwa Mwenye Nyumba, na hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Alikaa nyuma ya pazia jeupe katika Nyumba ya Mazoezi, mkono wake wa kulia umetokezwa nje kupitia mpasuko wa pazia, umelazwa juu ya mto mdogo wa sufi. Mpimaji wa zamu aliushika mkono ule, akausikiliza mshipa, na kila mshipa ulipodunda alitikisa kichwa. Mpiga ngoma aliyesimama dirishani alikiangalia kichwa hicho, kikitikisika anapiga. Ngoma ilisikika hadi sokoni, hadi machimbo ya mawe, hadi kwenye ukuta ambako mji uliishia na pasipokuwa na mtu wa kukwambia kinachofuata. Watu walipika kwa ngoma hiyo, wakalala kwa ngoma hiyo, na waliofunga ndoa walifunga ndoa kati ya dundo moja na jingine.

Basi kuna siku mchana ulikwenda mbio, watu wakashtukia giza limeingia na nguo bado mbichi kambani. Wakasema, Mwenye Nyumba leo ana jambo. Siku nyingine alasiri ilijivuta kama konokono aliyeshiba, watoto wakaota meno kati ya chai na chakula cha jioni. Wakasema, Mwenye Nyumba leo amestarehe. Hakuna aliyeuliza mpimaji wa zamu siku hiyo alikuwa nani, wala kama alikuwa amegombana na mkewe, au amekula ugali mwingi usingizi ukamlemea. Swali lililo karibu sana na pua ndilo gumu kuliona. Jicho limeumbwa kwa mambo ya mbele.

Sikudhani alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, aliyetoka arobaini juzijuzi, na mtoto huyo hakuwa na jina. Si kwamba mama alikosa la kumpa. Majina alikuwa nayo tele; aliyajaribu kimoyomoyo kila alipokuna nazi, moja baada ya jingine, akionja lipi lina utamu. Lakini sheria ya mji ilikuwa moja. Jina hutolewa na Nyumba, na Nyumba humpa jina mtoto ambaye mama yake au baba yake amesimama mbele ya pazia, akaushika mshipa wa Mwenye Nyumba, akatamka kwa sauti: “Anapiga.” Basi, neno moja tu. Ila kabla ya kufikishwa mbele ya pazia sharti umalize mazoezi ya mwili: mifupa, viungo vya ndani, jicho, goti, na mwisho mshipa. Baba wa mtoto alikuwa machimboni, akirudi nyumbani vumbi tupu, analala na kijiko mkononi. Kwa hiyo alikwenda mama, jioni baada ya jioni, mtoto kifuani ndani ya kanga. Alimwita Wewe. Wewe, amka. Wewe, nyonya. Wewe, kicheko hicho umekitoa wapi?

Alijua kukosa jina kunampeleka mtu wapi. Alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekosa, kwa kuwa mama yao hakuyaweza mazoezi. Kila alipoonyeshwa mifupa alizimia. Nyumbani walimwita kwa kugonga sahani. Sahani ikilia, anakuja, anakula. Jirani akigonga yake, anakwenda kwa jirani. Hata mvua ikigonga bati alitoka nje amekinga mikono. Halafu jioni moja sahani iligongwa mpaka rangi yake ikabanduka, na hakuja. Mama yao alisimama mlangoni akafungua kinywa ili amwite, na kinywa kikabaki wazi, kwa maana hakikuwa na kitu cha kutoa. Sikudhani alikuwa mtoto wakati huo. Alichokibeba ukubwani hakikuwa kilio. Kilikuwa kile kinywa.

Chumba cha mazoezi kilinuka dawa ya kuhifadhia na chaki mbichi. Pembeni kiunzi cha mifupa kilining'inia kwa ndoano ya utosini, na mila ya pale ni kwamba kila anayeingia hukiamkia kwanza. “Shikamoo.” Kisha unaanza kazi. Hakikujibu marahaba hata siku moja, wala hakuna aliyeona ajabu; wakubwa wengi hawajibu. Katikati ya chumba palikuwa na sanamu la mtu mzima ambalo kifua chake kilifunguka kama kabati. Moyo, mapafu, ini, wengu, figo, utumbo uliokunjwa kama kamba ya ndoo: vyote hutoka, vyote hurudi, na darasa halifungwi mpaka sanamu limefungwa.

Mwenzake wa meza aliitwa Kombo, kinyozi wa sokoni, mtu mrefu mwenye mdomo usiopumzika. Yeye naye alikuwa na mtoto wa kiume asiye na jina. Jioni ya viungo vya ndani Kombo alilifunga sanamu, akalipiga kofi la bega kama mteja aliyemaliza kunyolewa, halafu akatazama mkono wake. Figo moja ilikuwa bado mkononi.

“Mwalimu, huyu bwana kasahau kitu.”

“Umesahau wewe,” alisema Mwalimu Ngwali bila kugeuka.

“Lakini kafunga vizuri! Labda hakihitaji. Shemeji yangu anaishi bila aibu, na kila siku namwona anatembea.”

Darasa likacheka, Sikudhani akacheka, mtoto akaruka kifuani kwa mtikisiko wa kicheko. Mwalimu Ngwali hakucheka. Alikuwa mwembamba, amevaa koti jeupe lililofuliwa mpaka likaonyesha shati lake, na alikuwa mpimaji wa Nyumba tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Kazi yake aliipenda kwa namna mtu anavyopenda nyumba aliyozaliwa: bila kuitazama.

Jioni ya jicho aligawa kadi zenye jumlisha upande wa kushoto na doa jeusi upande wa kulia. Funga jicho la kushoto. Kaza jicho la kulia kwenye jumlisha, usilitoe. Sasa isogeze kadi taratibu kuelekea usoni. Sikudhani akaisogeza, na mahali fulani, si mbali na pua, doa likatoweka. Halikuacha tundu wala alama. Pale lilipokuwa palikuwa na karatasi nyeupe, safi, kana kwamba halijawahi kuwapo.

“Kila jicho lina doa pofu,” Mwalimu alisema. “Ni pale mshipa wa fahamu unapotokea kwenda kwenye ubongo. Mlango wa kuonea ndio mahali pasipoona. Na ubongo hautaki tundu. Unalipaka rangi ya jirani yake, ukatulia.”

Sikudhani alirudi nyumbani jioni hiyo akitembea polepole, na mawazo yake yalikuwa vipandevipande.

Kwa hiyo kuna kitu mbele yangu sasa hivi, na siwezi kukiona.

Na nimepakiwa ukuta juu yake.

Na ukuta wenyewe ni mzuri, mweupe, nausifu.

Mdogo wangu. Je, alitoweka, au ni sisi tuliosogea mpaka akaingia kwenye doa?

Wewe, usilale. Niangalie. Nikikuangalia kwa macho yote mawili, jicho moja litaona pale lisipoona jingine. Labda ndiyo maana tukapewa mawili.

Ikafika jioni ya mshipa, ambayo ndiyo pia jioni ya pazia, kwa kuwa mtu akishajua kupima mwenzake hupelekwa moja kwa moja kumpima Mwenye Nyumba. Sikudhani aliwahi, akakaa kwenye kibao chake, akamnyonyesha mtoto mpaka pumzi zao wote wawili zikawa moja. Kombo alichelewa. Alisikika akizipanda ngazi mbilimbili, akaingia akihema, akakiamkia kiunzi kwa shikamoo iliyokatika katikati.

“Gumba,” alisema Mwalimu Ngwali, akiinua lake juu. “La mkono wa kulia, maana mkubwa hashikwi kwa kushoto. Gumba ni baba wa vidole. Asiyejua kuandika hutia sahihi kwa nini? Kwa gumba. Kidole kisichotia sahihi hakiaminiki mshipani. Weka chini ya kifundo cha mkono wa mwenzako, upande wa kidole gumba chake. Tulia. Sikiliza.”

Kombo akaushika mkono wa Sikudhani, akabonyeza kwa gumba, akatoa macho.

“Lo! Dada Siku, huu ni mshipa au mbuzi kakata kamba?”

“Mimi? Nimekaa hapa tangu mlango ulipofunguliwa.”

“Basi ni woga wa mtihani. Usione haya, kila mtu anaogopa.”

“Aogopaye ni yule anayetokwa jasho, kaka.”

“Jasho langu ni la ngazi. Haya, nipime mimi, uone mtu mtulivu.”

Hapo likatokea jambo dogo. Mtoto ndani ya kanga alikuwa amekishika kidole gumba cha kulia cha mama yake, akakizungushia vidole vyake vinne visivyozidi punje za mahindi, na mama alipojaribu kukitoa, mtoto akaning'inia nacho. Mkono wa kushoto ulikuwa umebeba kichwa cha mtoto.

“Anakishika mwenyewe?” Kombo aliuliza.

“Haamui,” Mwalimu alijibu kutoka meza ya mbele, kwa sauti ya kusomesha. “Mtoto mchanga ukimgusa kiganjani, mkono unafumba. Ni mwili unaoshika, akili haijapata habari. Miezi ikipita kitendo hicho hufutika, na hapo ndipo mtu huanza kushika kwa kutaka.”

Sikudhani akauvuta mkono wa Kombo karibu na kifua chake. Gumba likiwa bado ngumini mwa mtoto, akanyoosha vidole viwili vilivyokuwa huru, cha shahada na cha kati, akaviweka mshipani.

“Eti kidole kimoja hakivunji chawa,” Kombo alisema. “Lakini hapa hatuui chawa, dada.”

Chini ya vidole vyake kitu kilikuwa kikikimbia, kikubwa, kizito, kikijikwaa na kuinuka. Yule mbuzi. Alikuwa yuleyule mbuzi ambaye Kombo alisema amemsikia kwake. Lakini mbuzi alikuwa wa Kombo, amepanda naye ngazi.

Kisha Sikudhani alikilaza kichwa cha mtoto kwenye mkunjo wa kiwiko, mkono wa kushoto ukawa huru kidogo, na gumba lake la kushoto akalibonyeza chini ya meza, kwenye mbao, kwa nguvu. Akangoja. Du. Du. Du. Taratibu, kama mama anayenyonyesha.

“Mwalimu,” alisema. “Meza ina mshipa.”

Kicheko kikazunguka chumba kizima. Kombo akaiamkia meza.

“Meza ni mbao,” alisema Mwalimu Ngwali.

“Nimeisikia ikipiga. Kwa gumba.”

“Umesikia gumba lako. Gumba lina mshipa wake mkubwa, likibonyezwa linajisikia lenyewe…” Hapo akanyamaza. Alinyamaza kama mtu aliyekuwa akitembea chumbani kwake gizani, akagonga kabati ambalo siku zote lilikuwa palepale. Kisha akakohoa, akajifunga kifungo cha koti kilichokuwa kimeshafungwa. “Kwenye meza, ndiyo. Kwenye mtu ni jambo jingine.”

Wakaingia chumba cha pazia wawili wawili. Kiliwekwa safi kupita kiasi. Ule mkono ulikuwa umelala juu ya mto wake wa sufi, umepakwa mafuta ya karafuu, na kando yake dirisha lilikuwa wazi na mpiga ngoma amesimama, kijiti tayari. Mpimaji wa zamu aliyekuwapo akainuka, na Mwalimu Ngwali akamwashiria Kombo aketi mahali pake.

Kombo, ambaye sokoni huwanyoa watu huku akiwatukana wajomba zao, alikuwa akitetemeka. Aliweka gumba. Kichwa chake kikaanza kutikisika mara moja, haraka, haraka zaidi, na ngoma ikamfuata. Du-du-du-du. Nje mwanga ulianza kukimbia juu ya sakafu. Kivuli cha dirisha kikavuka chumba kama paka. Chini barabarani watu walisikika wakihimizana kuanua nguo.

“Anapiga!” Kombo alipaza sauti. “Wallahi anapiga! Ana nguvu kama kijana!”

“Mwanao ni Shaame,” alisema Mwalimu Ngwali, kwa sauti ile ya kutoa majina, ambayo haikuwa na furaha wala huzuni.

Kombo akalirudia. Shaame. Akalisema polepole, akalisema kwa nguvu, akaenda dirishani akamsukuma mpiga ngoma kidogo akaliita nje, Shaame, Shaame wa Kombo, njoo ule! Mtoto mwenyewe alikuwa nyumbani, hasikii, hawezi hata kutambaa. Haidhuru. Kinywa cha baba kilikuwa na kitu cha kutoa. Sikudhani alikitazama kile kinywa, akakitamani kwa tamaa ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa nguo wala chakula.

Zamu yake ikafika. Akaketi. Mtoto alikuwa amelala, ngumi bado imefumba juu ya gumba la mama.

“Gumba, Sikudhani.”

“Amelishika, mwalimu.”

“Basi mtoe taratibu.”

Badala yake akanyoosha vile viwili, akavilaza kwenye mshipa wa Mwenye Nyumba. Akangoja. Ngozi ilikuwa laini na haikuwa na joto. Hilo halikumshangaza, kwani mkono usiofanya kazi huwa hivyo. Akasogeza vidole kidogo upande huu. Akasogeza upande ule. Akazitazama kucha. Hazikuwa zimekatwa, wala hazikuhitaji kukatwa. Akabonyeza zaidi, akapunguza, akafumba macho. Alikuwa ameshasikia mshipa wa Kombo, na wa mwanawe aliushika kila siku ndani ya mkono wake mdogo, ule unaokimbia kama mvua nyembamba juu ya majani. Alijua kitu kinachopiga kikoje. Hapa hapakuwa na kitu. Palikuwa na kimya cha fanicha.

Kichwa chake hakikutikisika. Mpiga ngoma alimtazama. Kijiti kilibaki juu.

Na ngoma ikakatika.

Kimya kile hakikuwahi kusikika katika mji ule, kwa hiyo watu hawakujua kuwa ni kimya. Walidhani wamezibwa masikio. Barabarani nyayo zikasita. Mtu aliyekuwa akicheka aliacha kicheko nusu.

“Tumia gumba,” Mwalimu Ngwali alisema kwa upole. “Mama. Neno ni moja tu. Ukilisema, mwanao ana jina, mnashuka ngazi, mnakwenda zenu.”

Wakati huohuo, katikati ya usingizi, mtoto alilegea. Vidole vyake vinne vikafunguka kimoja kimoja, kiganja kikabaki wazi juu ya kifua cha mama, na gumba la Sikudhani likawa huru. Kila mtu aliliona. Lilikuwa pale hewani, jekundu kidogo, lina alama za kushikwa.

Alilitazama naye. Alijua vizuri lingemwambia nini. Lingemwambia du, du, du, taratibu na kwa uaminifu, na kila dundo lingekuwa la kwake, naye angesema anapiga, na asingekuwa amedanganya, kwa maana kweli kungekuwa na kitu kinachopiga. Hivyo ndivyo walivyofanya wote. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuja hapa na moyo wake mwenyewe, akaubonyeza juu ya mkono huu, akausikia, akaustaajabia ukubwa wake, akauita wa mtu mwingine. Hofu zao, mapenzi yao, usingizi wao baada ya kula, vyote vilipigwa kwenye ngoma, kisha vikawarudia kupitia dirishani kama amri.

Nikisema, atapata jina.

Nisiposema, sahani.

Lakini jina nitakalopewa hapa nitalipewa na nani? Nani aliyemo humu?

Mimi. Ni mimi niliyemo humu. Kombo yumo, na Mwalimu yumo. Wote tumo isipokuwa yeye.

Akalichukua gumba lake akalirudisha kiganjani mwa mtoto. Mkono mdogo ukafumba, bila kujua, kama unavyofumba. Mtoto hakuamua. Mama aliamua. Akavirudisha vidole viwili pale mshipani, akasikiliza tena kwa heshima yote, asije akaambiwa amepunja.

“Hapigi,” alisema.

“Dada Siku.” Kombo alikuwa amesogea, mdomo umemkauka. “Nimemsikia mimi. Sasa hivi. Kwa gumba hili.”

“Ulimsikia mbuzi wako, kaka. Yule uliyepanda naye ngazi.”

“Usiniharibie. Nakuomba. Mwanangu ana jina, hata robo ya jioni halijamaliza. Kama huyu hapigi, jina la Shaame limetoka wapi?”

Sikudhani alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

“Limetoka kwenye mshipa uliokuwa unapiga,” alisema. “Wa baba yake. Wapi kwingine litoke? Halijaharibika, kaka Kombo. Mwite tu.”

Kombo akaitazama mikono yake yote miwili kama alivyoitazama siku ile ya figo.

Chini barabarani mji ulikuwa umesimama, ukingojea dundo. Aliyekuwa amenyanyua mguu alikuwa bado ameunyanyua. Walingoja namna wanavyojua kungoja watu ambao hawajawahi kuamua lini waweke mguu chini. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, kali, ya mwenye karai la mafuta mbele yake.

“Jamani, ngoma ipige isipige, mandazi yangu yanaungua!”

Wakasikia yanageuzwa. Yalipogeuzwa, mtu mmoja akacheka, na yule mwenye mguu hewani akaona hana sababu, akauweka chini. Mtu mwingine akaita bei. Mwendo ulirudi, lakini haukuwa mwendo mmoja. Huyu alikwenda hivi, yule vile, kama mvua inapoanza juu ya mapaa tofauti, bati kivyake na makuti kivyake. Mpiga ngoma aliusikiliza kwa muda, hakujua aingie wapi, akakiweka kijiti dirishani.

Mwalimu Ngwali hakwenda kufunua pazia. Hakukuwa na haja, na labda hakukuwa na nguvu. Alisimama na koti lake linaloonyesha shati. Mtu akitumia ujana wake wote kutikisa kichwa, kichwa kikinyamaza ghafla anasikia uzito wake. Sikudhani alimngoja amfukuze. Alikuwa ameshajipanga kwa hilo, ameshaikaza kanga.

Mwalimu alivuta kibao, akaketi mbele yake. Akakunja mkono wa koti, halafu mkono wa shati, akaulaza mkono wake juu ya mto wa sufi, kando ya ule mwingine.

“Na mimi je?” alisema. “Wote walionipima walinipima kwa gumba.”

Sikudhani akauleta mkono wa mwalimu karibu na kifua chake. Vidole viwili. Alichelewa kidogo kuupata, maana ulijificha, mwembamba kama uzi wa kushonea. Halafu akaupata.

“Unapiga, mwalimu.”

“Kweli?”

“Unapiga. Una haraka. Kama mtu aliyeamshwa akaambiwa kuna mgeni mlangoni.”

Mwalimu akatikisa kichwa, mara moja, na hakuna ngoma iliyomfuata. Macho yake yalikuwa kwenye ile ngumi ndogo iliyofumba juu ya gumba. Alipofungua kinywa ilikuwa ile sauti yake ya kusomesha, lakini ilikosa mahali pa kukaa, ikatoka kama ya mtu wa kawaida.

“Mtoto anaitwa nani?”

Nyumba ile haikuwahi kuuliza swali hilo. Majina yalitolewa humo siku zote, na hakuna lililowahi kuulizwa. Sikudhani alijikuta na majina yote aliyoyakuna na nazi yamesongamana kooni, kisha yakatawanyika, likabaki moja. Lakini kuna adabu katika mambo haya, iliyokuwapo kabla ya Nyumba: jina haliambiwi watu kabla halijaambiwa mwenyewe. Akainama. Akaweka vidole viwili ndani ya mkono wa mwanawe, penye ile mvua nyembamba, na mdomo akauweka sikioni.

Akamwambia.

Chini ya vidole vyake mvua ilikatika kidogo, kama inayosikiliza, kisha ikaendelea kwa nguvu mpya. Sisi wengine tutalisikia jina hilo jioni hii, atakapoitwa kula.